Weusi Ndani ya Udongo Mwekundu: Safari ya Mboji Kutoka Berlin Hadi Kiganjo

Barabara ya Kenol–Sagana–Marua ilipopanuliwa, matingatinga yalikata vilima vya Mathira na kuacha kuta za udongo zikiwa wazi kando ya njia. Abiria anayetoka Karatina kwenda Kiganjo anaweza kuisoma hali ya kilimo cha Nyeri kwenye kuta hizo bila kushuka kwenye matatu. Juu kabisa pana tabaka la kahawia iliyokolea, mahali pengine la futi moja, mahali pengine halifiki nusu yake. Chini yake rangi hubadilika taratibu, bila mstari wa kugawa, mpaka inakuwa nyekundu tupu inayoteremka mita kadhaa. Chukua bonge la wekundu huo ulivunje kwa vidole: linaachana vipandevipande vyenye pande laini zinazometa juani. Wataalamu huuita nitisoli. Ukipanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, udongo unageuka mweusi ti na mwepesi mkononi, kwa kuwa umezaliwa na majivu ya volkano. Huo ni andosoli. Ukishika njia ya Narumoru, mvua inapungua na nyika ya Kieni inaanza.

Wakenya wengi wakisikia jina Kiganjo huwaza makuruti wa polisi na maziwa ya KCC. Mkulima wa hapo ana wazo jingine kichwani: ile kahawia ya juu inapungua. Katika mashamba ya sehemu hizi, kaboni iliyotokana na mimea, wanyama na vijidudu vilivyokufa ni kama asilimia mbili hadi nne ya uzito wa udongo wa juu. Kilichobaki ni mfinyanzi, madini ya chuma na alumini, na mchanga kidogo. Hata hivyo, kile kidogo, yaani mboji, ndicho kinachoshika maji, kinachotunza chakula cha mmea na kinachozuia sumu ya alumini isiunguze mizizi. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wanakemia wamejaribu kujua ni kitu gani hasa, na kwa muda mrefu waliuliza swali baya. Walitaka kujua mboji ni kitu gani, badala ya kuuliza inaingiaje na inatokaje.

Alianza Franz Karl Achard, mjini Berlin, mwaka 1786. Huyu ndiye anayekumbukwa zaidi kwa kutengeneza sukari kutoka kwenye kiazisukari, lakini kabla ya hapo alichukua udongo wa kinamasi, ule wa mimea iliyooza nusunusu, akauloweka kwenye maji makali ya potasi. Maji yakawa meusi. Alipoongeza asidi, ule weusi ukajikusanya na kutuama chini. Jaribio hilo bado linafanywa katika maabara, na linafaa kuangaliwa kwa karibu. Pima gramu kumi za udongo wa Kiganjo uliochekechwa, umiminie hidroksidi ya sodiamu, tikisa chupa, uache usiku kucha. Asubuhi juu ya udongo patakuwa na kioevu cha kahawia nzito. Kihamishe kwenye chupa nyingine, kisha tia asidi ya hidrokloriki tone baada ya tone hadi pH ishuke kufikia moja. Mwanzoni hutaona kitu. Halafu vipande vidogo vinaanza kuelea, vinashikana, vinazama. Hizo ndizo asidi za humiki. Maji ya manjano yaliyobaki juu yana asidi za fulviki, ambazo huyeyuka katika asidi na katika besi vilevile. Na ile sehemu iliyokataa kabisa kuachana na udongo tangu mwanzo huitwa humini. Jina la asidi za fulviki lilitolewa na Msweden Sven Odén mwaka 1919, na mgawanyo huo wa sehemu tatu umekaa vitabuni tangu wakati huo.

Angalia vizuri kilichofanyika hapo. Mgawanyo wote umetokana na dawa iliyotumika, wala si na udongo wenyewe. Hakuna mvua yenye pH ya 13 inayonyesha Nyeri. Tutalirudia jambo hili, maana limezua ugomvi ambao haujaisha.

Baada ya Achard alikuja Albrecht Thaer, Mjerumani aliyeamini kwamba mmea hula mboji moja kwa moja, na ambaye kitabu chake kikubwa cha kilimo kilianza kutoka mwaka 1809. Imani hiyo ilipigwa na Carl Sprengel katika miaka ya 1820, na mwaka 1840 ikazikwa na Justus von Liebig, aliyetangaza kwamba mmea hupata kaboni kutoka hewani na madini kutoka ardhini. Liebig alikuwa sahihi kuhusu chakula cha mmea. Lakini ushindi wake ulileta tabia ambayo tumeirithi mpaka leo, ya kuuona udongo kuwa ghala la madini tu, ambalo likipungua hujazwa kwa gunia. Miaka mitatu baadaye, huko Rothamsted nchini Uingereza, lilianzishwa jaribio la Broadbalk linaloendelea hadi sasa. Sehemu inayopewa samadi kila mwaka leo ina kaboni zaidi ya maradufu ya ile isiyopewa kitu. Ilichukua zaidi ya karne moja kufika hapo.

Katika miaka hiyohiyo ya Liebig, kwenye miinuko ya Nyeri hakukuwa na maabara, bali kulikuwa na nafasi. Familia ya Wakikuyu ililima kipande, ikachanganya mtama, mawele, njahi, viazi vitamu na ndizi, huku nduma zikikaa bondeni penye unyevu. Na kipande kilipochoka kiliachwa kipumzike miaka kadhaa, kikaota majani na vichaka. Mbuzi walilala nyumbani, kwa hiyo samadi na majivu yalirudi karibu na boma. Mpango huo haukuwa wa kimuujiza kama wanavyopenda kuusimulia watu wa mijini. Ulitegemea ardhi kuwa kubwa kuliko mahitaji. Wakati wa mapumziko, majani na mizizi mingi iliingia ardhini na jembe halikuufunua udongo kwa jua, hivyo mboji ilipanda. Wakati wa kulima ilishuka. Mwenendo wa mboji unafanana na moto wa mafiga: joto lake hukaa kwa kadiri kuni zinavyosukumwa, na hakuna anayeweza kulihifadhi kwenye chungu.

Ukoloni ulizifungia kuni hizo. Ardhi ya upande wa Kieni na Laikipia ilikwenda kwa walowezi, Waafrika wakabanwa katika hifadhi zao, na miaka ya mapumziko ikafupishwa mpaka ikawa msimu mmoja, kisha ikatoweka. Mahindi yakachukua nafasi ya mawele. Kuna mti mmoja, hata hivyo, uliofanya kazi ambayo wengi hawakuipanga: mwati, ambao wenyeji huuita muthanduku. Ulipandwa kwa wingi katika hifadhi za Wakikuyu kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, kuni na makaa. Mwati hushika nitrojeni ya hewani kupitia mizizi yake, na magome na majani yake yamejaa tanini, ambazo ni jamii ya polifenoli. Wanakemia wa karne ya 20, akiwemo Wolfgang Flaig wa Ujerumani, walifundisha kwamba polifenoli za namna hiyo, zikiunganishwa na protini za vijidudu, ndizo malighafi kuu ya mboji. Leo nadharia hiyo imepungua nguvu, lakini shamba lililokaa chini ya miwati kwa miaka minane lilirudi kulimwa likiwa na hali nzuri kuliko lilivyoachwa. Mwati ulikuwa pumziko lenye mapato.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyoleta sayansi ya udongo Afrika Mashariki kwa kishindo. Huko Amani, katika milima ya Usambara, Geoffrey Milne alitembea nchi tatu akichora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki, iliyotoka mwaka 1936. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa wazo la katena, yaani kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni ni ukoo mmoja uliogawanywa na maji na mwinamo. Mtu wa Nyeri haelezwi jambo hilo mara mbili: kahawa juu, nduma chini, na kati yao udongo unaoteremka. Mwaka 1934 Allan Walkley na Armstrong Black walichapisha njia rahisi ya kupima kaboni ya udongo, ambayo maabara nyingi za eneo letu zinaitumia bado. Udongo kidogo huchanganywa na dikromati ya potasiamu na asidi kali ya salfuriki. Mchanganyiko huchemka wenyewe, na kadiri mboji inavyokuwa nyingi ndivyo rangi ya machungwa inavyogeuka kuwa kijani. Njia hiyo haifikii kaboni yote, kwa hiyo jibu huzidishwa kwa 1.33. Kisha huzidishwa tena kwa 1.724, kwa kudhania kwamba asilimia 58 ya mboji ni kaboni. Dhana hiyo ni ya karne ya 19 na si sahihi kila mahali. Mkulima anayepokea cheti cha vipimo kilichoandikwa mboji asilimia fulani anasoma makadirio mawili yaliyopandishwa moja juu ya jingine. Si sababu ya kukitupa cheti. Ni sababu ya kulinganisha shamba lako la mwaka huu na shamba lako la miaka mitano iliyopita, tena kwa maabara ileile.

Wakati huohuo, mashamba ya kahawa ya walowezi karibu na Kiambu yalianza kutengeneza mboji ya marundo kwa mtindo wa Indore, aliouasisi Albert Howard nchini India. Mwafrika wa Nyeri hakuruhusiwa hata kupanda hiyo kahawa. Yeye alipewa kazi nyingine, ya kuchimba matuta. Habari za vumbi lililofagia tambarare za Marekani zilikuwa zimewatisha maafisa, na Colin Maher, aliyesimamia hifadhi ya udongo nchini Kenya, alishika vita dhidi ya mmomonyoko kwa bidii. Machifu wakaagizwa kutoa watu, na wengi wao wakawa wanawake. Huko Fort Hall, ambako leo ni Murang'a, wanawake waligoma mwaka 1948, wakakamatwa, na matuta yakaingia kwenye orodha ya malalamiko yaliyoelekea Mau Mau.

Hapa nina maoni yangu. Matuta yenyewe yalikuwa na maana. Kwenye miteremko ya Mathira na Mukurweini, mvua moja ya Aprili huweza kuondoa kile ambacho mimea ilikijenga kwa miaka. Tatizo ni kwamba serikali ilishughulika na udongo unaoondoka na ikasahau udongo unaokufa njaa papo hapo ulipo. Shamba lililochimbwa matuta lakini halirudishiwi kitu linapoteza mboji bila punje moja kuvuka ukingo. Mkono mtupu haulambwi.

Ili kuelewa kinachopotea, tuangalie chaji. Molekuli za mboji zimejaa vikundi vya kaboksili na fenoli, ambavyo huachia hidrojeni na kubaki na chaji hasi. Vya kaboksili huanza kuachia pH ikiwa kwenye nne au tano hivi, vya fenoli vinangoja pH ipande kufikia tisa. Chaji hasi hizo ndizo zinazoshika kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na amoniamu zisifuliwe na mvua. Mfinyanzi wa nitisoli ni wa jamii ya kaolini, ambao ni mzee na mchovu. Kilo moja yake hushika kama sentimoli 3 hadi 15 za virutubisho, wakati kilo ya mboji huweza kushika 200 au zaidi. Kwa hiyo katika udongo mwekundu wa Nyeri, ile asilimia ndogo ya mboji inaweza kubeba nusu ya uwezo wote wa kushika chakula. Na kwa kuwa chaji yake hutegemea pH, udongo unapokuwa mchachu mboji ileile hufanya kazi pungufu.

Wekundu nao una tabia yake. Ni oksidi za chuma, na hizo huikamata fosforasi kwa nguvu mpaka mmea hauioni. Ndiyo maana mkulima huweka mbolea nyingi ya DAP na kupata matokeo haba. Asidi za mboji hugombania nafasi zilezile kwenye uso wa chuma na alumini, hivyo sehemu ya fosforasi hubaki huru. Katika andosoli ya karibu na msitu mambo ni makali zaidi: alumini na madini ya alofani huikumbatia mboji mpaka vijidudu vinashindwa kuila, na hapo ndipo unapotoka ule weusi. Lakini alumini hiyohiyo huinyima mimea fosforasi. Udongo mweusi unaweza kuwa tajiri wa kaboni na maskini wa chakula kwa wakati mmoja, na mgeni anayenunua shamba kwa kutazama rangi peke yake hulijua hilo akishavuna.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, mambo mawili yalifanyika kwa pamoja. Watu zaidi ya milioni moja wa Wakikuyu, Waembu na Wameru walilazimishwa kuhamia vijiji vilivyozungushiwa handaki na uzio, na Roger Swynnerton akatoa mpango wake wa kuimarisha kilimo cha Waafrika. Vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa kuwa shamba moja lenye hati. Kahawa ikaruhusiwa, ng'ombe wa gredi wakaja, na chai ikafuata. Kiwanda cha chai cha Ragati, Mathira, kilianza mwaka 1957 na kuwa cha kwanza cha wakulima wadogo. Wanahistoria wameuchambua mpango huo kwa upande wa siasa na wana sababu. Kwa upande wa udongo, tendo lake kubwa lilikuwa kumfunga mkulima mahali pamoja. Hakuna tena kipande cha kuacha kipumzike. Kuanzia hapo, kila kinachotoka shambani kwenye debe la kahawa au kopo la maziwa lazima kirudishwe kwa mkono wa mtu.

Na ni katika miaka hiyohiyo ambapo ugunduzi mkubwa kuliko wote kuhusu mboji ya Afrika Mashariki ulifanyika, tena kwenye udongo mwekundu unaofanana na wa Nyeri. Huko Muguga, Kiambu, lilikuwapo Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO. Mtafiti wake H. F. Birch, pamoja na mwenzake Friend, mwaka 1956 walichapisha vipimo vya mboji na nitrojeni kutoka sehemu nyingi za eneo letu. Kisha Birch akajiuliza swali ambalo kila mkulima wa hapa amelihisi: kwa nini mazao yaliyowahi mvua ya kwanza hukua kwa nguvu, hata pasipo mbolea, na yaliyochelewa wiki mbili hudumaa?

Alikausha udongo, akaulowesha tena, akapima. Mara tu maji yalipoingia, gesi ya kaboni dioksidi ilitoka kwa kasi kubwa, na nitrojeni iliyokuwa imefungwa kwenye mboji ikafunguka. Baada ya siku chache kasi ikashuka. Akaukausha tena, akaulowesha tena: mlipuko mwingine. Kadiri udongo ulivyokaa mkavu kwa muda mrefu, ndivyo mlipuko ulivyokuwa mkubwa. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la Plant and Soil mwaka 1958, na leo wanasayansi wa dunia nzima huliita tukio hilo athari ya Birch. Wanaochunguza jangwa la Australia na mbuga za California hulitaja jina hilo, ingawa wengi wao nadhani hawajui Muguga iko upande gani wa Nairobi.

Sababu yake ni hii. Ukavu huua sehemu ya vijidudu na kuvunja mabonge, mboji iliyokuwa imejificha ndani ikafunuliwa. Maji yanaporudi, vijidudu vilivyosalia huamka kwenye karamu: maiti za wenzao na mboji mpya iliyo wazi. Wanakula, wanapumua, na nitrojeni inayozidi mahitaji yao inamwagika ikiwa nitrati. Nitrati ina chaji hasi, mboji ina chaji hasi, kwa hiyo haishikwi. Mvua zikiendelea inateremka chini ya mizizi. Mkulima wa Kiganjo aliyelima Februari na kuweka mbegu ardhini kabla ya mvua ya njahi, ile ndefu ya Machi, mahindi yake huikuta nitrati hiyo ingali juu. Jirani anayengoja mpaka ardhi ilowe ndipo atafute jembe huwa amekosa mbolea ya bure. Wazee wa Nyeri walihimiza kupanda mapema kabla Birch hajakausha udongo wake wa kwanza. Yeye alieleza kwa nini, na akaongeza jambo ambalo wazee hawakulisema: kila mlipuko ni mtaji unaoliwa. Udongo ulio wazi juani, usio na matandazo, unaokauka na kulowa mara nyingi kwa mwaka, hujila wenyewe.

Uhuru haukubadilisha kemia. Bei ya kahawa ilipanda sana mwaka 1976 na 1977 baada ya barafu kuua mikahawa ya Brazili, na Nyeri ikajenga nyumba za mawe. Pamoja na pesa zikaja dawa za kopa dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, mwaka baada ya mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu mashamba ya kahawa ya Kenya ulionyesha kopa ikirundikana katika udongo. Kati ya metali za kawaida, kopa ni miongoni mwa zile ambazo mboji huzishika kwa nguvu zaidi, kwa kuzibana katikati ya vikundi vya kaboksili na fenoli. Hapo mboji huifanyia mizizi ihsani kwa kuifungia sumu. Lakini anayeng'oa kahawa ya miaka arobaini apande mboga, akiacha mboji ishuke na pH ishuke pamoja nayo, anaufungua mlango wa lile gereza.

Mwaka huohuo wa 1976, huko Kabete, kwenye nitisoli ya aina ya Nyeri, lilianzishwa jaribio la mahindi na maharage lililoendelea miongo kadhaa. Vipande vingine havikupewa kitu, vingine mbolea ya dukani, vingine samadi, vingine mabua yalirudishwa, vingine vyote kwa pamoja. Baada ya karibu miaka ishirini kaboni ilikuwa imeshuka katika vipande vyote, hata vile vilivyotunzwa. Samadi na mabua yalipunguza mwendo wa kushuka, hayakuusimamisha. Nimewahi kusikia matokeo hayo yakitajwa kama sababu ya kukata tamaa. Mimi nayaona kuwa kipimo cha deni: kilimo cha mfululizo kinadai zaidi kuliko wengi wetu tunavyotoa. Mbolea ya amonia nayo iliongeza uchachu, kwa kuwa amoniamu inapogeuzwa nitrati huachia hidrojeni, na pH ikienda chini ya 5.5 alumini huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Tetu, aliona upande mwingine wa deni hilo na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Dunia inamkumbuka kwa miti. Majani ya miti hiyo yaliyoanguka ni kaboni inayoingia ardhini, na wachache huhesabu hilo.

Kuanzia miaka ya 1980 ng'ombe wa Nyeri wengi walihamia kwenye zizi la kulishwa ndani. Majani ya nepia hukatwa shambani na kandokando ya barabara, maziwa huenda Kiganjo, samadi hubaki. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa tani moja au zaidi ya samadi kavu kwa mwaka. Kwa mahesabu ya ekari moja au mbili, hiyo ni hazina, na bado haitoshi. Ndiyo maana malori ya samadi ya boma huteremka kutoka nchi za wafugaji, Laikipia ikiwemo, kuja kuuzwa kwenye miinuko ya kahawa na mboga. Biashara hiyo inampa mfugaji pesa na mkulima mboji, lakini isimdanganye mtu kuwa mboji imeongezeka duniani. Nyasi za nyika ya Laikipia zimekula rutuba ya huko, na lori limeileta hapa.

Ule ugomvi wa Achard ulirudi mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 1936 Selman Waksman, aliyekuja kupata Nobeli kwa dawa ya kifua kikuu iliyotoka kwenye vijidudu vya udongo, alikuwa ameshauri majina ya asidi za humiki yaachwe, kwa kuwa yanaeleza dawa ya maabara badala ya kitu kilichomo ardhini. Hakusikilizwa. Miaka sabini baadaye, miali ya eksirei yenye uwezo wa kuona vipande vidogo kuliko bakteria ilielekezwa kwenye udongo usiolowekwa katika hidroksidi ya sodiamu. Mkenya James Kinyangi, akiwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, alikuwa miongoni mwa walioanza kazi hiyo, na udongo wa msitu wa Nandi ulikuwa miongoni mwa uliochunguzwa. Picha zilionyesha mabaki ya mimea na vijidudu yaliyong'ang'ania uso wa madini, yakiwa katika hatua mbalimbali za kuoza. Molekuli kubwa ya humiki iliyochorwa vitabuni haikuonekana. Mwaka 2015 Johannes Lehmann na Markus Kleber waliandika katika jarida la Nature kwamba mboji ni mfululizo wa vitu vinavyoendelea kuvunjwa, na kwamba kinachoifanya idumu ni mahali ilipojificha na kinachoishika, zaidi ya ugumu wa molekuli zake. Wataalamu wa asidi za humiki wamejibu kwa hasira na kwa hoja, na baadhi ya hoja zao ni nzuri: kile kinachotoka kwenye hidroksidi hiyo kina tabia zinazopimika na zenye manufaa. Nionavyo, Lehmann na Kleber wanaeleza vizuri zaidi kilichotokea Kabete. Kama mboji ingekuwa kitu kigumu kinachodumu kwa asili yake, isingeshuka vile.

Wakati wanasayansi wakiulizana kama asidi ya humiki ipo, madukani Karatina na Nyeri mjini inauzwa kwa chupa. Nyingi ya bidhaa hizo hutokana na makaa machanga ya mawe yaliyolowekwa katika hidroksidi ya potasiamu, yaani jaribio la Achard lililotiwa lebo. Kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba kiasi kidogo huchangamsha mizizi, na sina ugomvi na mtu anayezitumia kwenye kitalu cha nyanya. Ugomvi wangu ni na ahadi ya kurudisha mboji. Tufanye hesabu. Udongo wa ekari moja, hadi kina cha sentimita 20, una uzito wa tani 800 hivi. Ukiwa na kaboni asilimia tatu, hizo ni tani 24 za kaboni. Chupa ya lita moja yenye asidi za humiki asilimia 15 ina gramu 150 za kitu hicho. Kuipandisha kaboni kutoka asilimia tatu hadi 3.1 kunahitaji kilo 800.

Kwa hiyo, msomaji wa Kiganjo mwenye ng'ombe wawili na mikahawa mia mbili, fanya mambo yako kwa mpangilio huu. Pima udongo kwanza, na kama pH iko chini ya 5.5 nunua chokaa kabla ya kitu kingine chochote. Acha mabua na majani ya kahawa yafunike ardhi kuanzia Januari, ili jua lisiukaushe udongo mtupu. Panda mvua ya njahi inapoanza, usingoje iwe imekolea. Na kama umebakiwa na pesa za kununua chupa, ziongeze kidogo ununue mabati: karibu nusu ya nitrojeni inayotoka kwa ng'ombe iko kwenye mkojo, na rundo la samadi lisilo na paa huipeleka mtoni mvua inyeshapo.